Yu Yang na Mechi Ambayo Hakuna Aliyetaka Kuishinda

Jioni ya tarehe 31 Julai 2012, ndani ya ukumbi wa Wembley Arena jijini London, wanawake wanne walisimama uwanjani na raketi mikononi, na kila upande ukawa unatafuta namna ya kushindwa. Upande mmoja walikuwa Wachina wawili, Yu Yang na Wang Xiaoli, mabingwa wa dunia, namba moja duniani. Upande wa pili walikuwa Jung Kyung-eun na Kim Ha-na wa Korea Kusini. Ilikuwa Olimpiki, watu wamelipa tiketi, kamera zinaangalia. Yu Yang anaanzisha, kinyoya kinaingia kwenye neti. Mkorea anaanzisha, naye kwenye neti. Wanapiga nje, mita nzima nje ya mstari, watu ambao mkono wao unaweza kulenga sarafu. Mapigo yaliyopigwa mfululizo bila kinyoya kuanguka hayakuzidi manne katika seti ya kwanza. Watazamaji walianza kwa kucheka, halafu wakazomea. Mwamuzi mkuu akaingia uwanjani kuwaonya. Haikusaidia kitu. Wachina "walifanikiwa": wakashindwa 21-14, 21-11.

Kesho yake Shirikisho la Badminton Duniani likawafukuza mashindanoni, wao na Wakorea wale, pamoja na timu nyingine mbili zilizofanya hivyo hivyo saa chache baadaye. Wachezaji wanane kwa siku moja.

Nimeisoma na kuisimulia hadithi hii mara nyingi hapa Nakivale, kwa wanafunzi na kwa wazee, na kila mara watu wanagawanyika. Vijana wanasema: ni aibu, walistahili. Wazee wanauliza kwanza: nani aliwatuma? Mzee mmoja wa Uvira, ambaye hajawahi kuona mpira wa vinyoya maisha yake yote, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniambia, "Mwalimu, ile makosa iko ya chef, haiko ya askari." Sikumjibu pale pale. Makala hii ndiyo jibu langu, na litakuwa refu kidogo, kwa sababu ili kumhukumu Yu Yang inabidi kwanza umjue alikotoka na mchezo wake ulivyofika hapo.

Yu Yang alizaliwa mwaka 1986 huko Haicheng, mji wa mkoa wa Liaoning, kaskazini mashariki mwa China. Si sehemu ya bahari za joto na watalii. Liaoning ni mkoa wa viwanda na baridi kali. Kule mtoto mwenye kipaji cha michezo hasubiri klabu ya mtaani imwone. Serikali ina shule za michezo, mtoto anachukuliwa mdogo, anakula pale, analala pale, anafundishwa pale. Akifaa anapanda timu ya mkoa, akifaa zaidi anaitwa timu ya taifa. Akifika huko, maisha yake si yake tena. Kocha anapanga anaamka saa ngapi, anacheza mashindano gani, na kwa mchezaji wa wawili wawili kuna jambo jingine kubwa zaidi: kocha anapanga acheze na nani.

Nisimame hapa kidogo, maana wengi wetu tunadhani mchezo wa wawili ni mchezo wa mmoja mara mbili. Sivyo. Katika badminton ya wawili, mmoja anasogea mbele karibu na neti kuua vinyoya vifupi, mwenzake anabaki nyuma akipiga kwa nguvu kutoka juu. Wakishambuliwa wanasimama sambamba, kila mtu na upande wake. Wanabadilishana nafasi hizo mara kadhaa ndani ya sekunde chache, bila kuongea. Ukichelewa nusu hatua, mwenzako ndiye anayeumia. Wanawake hawa wanacheza mapigo marefu kuliko wanaume, mara thelathini, arobaini, zaidi, wakisubiri mmoja achoke. Ni mchezo wa subira na mapafu. Na mwenzako unaweza kunyang'anywa wakati wowote kocha akiona kuna mchanganyiko bora zaidi.

Yu Yang alipewa kwanza Du Jing. Mwaka 2008 Olimpiki ikafanyika nyumbani, Beijing. Yeye alikuwa na miaka 22. Katika fainali waliwakuta Lee Hyo-jung na Lee Kyung-won wa Korea Kusini, wakawafunga 21-15, 21-13. Dhahabu. Kwenye mchezo wa mchanganyiko, mwanamume na mwanamke, akapata pia shaba pamoja na He Hanbin, wakiwashinda Waindonesia Flandy Limpele na Vita Marissa katika seti tatu, ya mwisho 23-21. Medali mbili kwenye michezo mmoja, mbele ya watu wao. Mwaka 2010 akiwa na Du Jing huyo huyo akawa bingwa wa dunia mjini Paris, na mwaka huo huo wakachukua All England, mashindano ya zamani kuliko yote ya badminton, yaliyoanza mwisho wa karne ya 19.

Halafu akapewa Wang Xiaoli, mdogo wake kwa miaka mitatu. Na hawa wawili wakawa kitu kingine kabisa. All England 2011, ubingwa wa dunia 2011, ambao nao ulichezwa London, ndani ya Wembley Arena ile ile. Kumbukeni hilo: mwaka mmoja kabla ya aibu, ukumbi huo huo uliwapigia makofi.

Lazima tuseme pia walikuwa wanabeba nini. Tangu Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, dhahabu ya wanawake wawili wawili haikuwahi kutoka China. Ge Fei na Gu Jun waliichukua 1996 na tena 2000 Sydney. Zhang Jiewen na Yang Wei 2004 Athens. Du Jing na Yu Yang 2008. Kwa hiyo kule, kupata medali ya fedha si kupata fedha, ni kupoteza dhahabu. Na China haikupeleka London timu moja tu ya wanawake, ilipeleka mbili: Yu Yang na Wang Xiaoli, pamoja na Tian Qing na Zhao Yunlei. Lengo la wakubwa lilikuwa wazi: timu mbili zikutane fainali, dhahabu na fedha zote zirudi Beijing.

Sasa ebu tufanye hesabu, maana bila hesabu hii hakuna kinachoeleweka.

Kabla ya London, badminton ya Olimpiki ilikuwa ya mtoano: ukishindwa leo, kesho unapanda ndege. Ilionekana ni ukatili kwa nchi ndogo, mtu anasafiri nusu ya dunia kucheza dakika thelathini. Basi mwaka 2012 wakaweka makundi. Timu 16, makundi manne ya timu nne nne, kila timu inacheza mechi tatu, mbili za juu zinaingia robo fainali. Nia ilikuwa nzuri. Ila nafasi za robo fainali zilikuwa zimeshachorwa kabla: wa kwanza wa kundi hili atakutana na wa pili wa kundi lile, na kila mtu aliweza kuona njia yake mpaka fainali kwenye karatasi.

Tian Qing na Zhao Yunlei walikuwa kundi D. Ilitarajiwa waongoze kundi. Lakini wakafungwa na Wadenmark, Christinna Pedersen na Kamilla Rytter Juhl, wakamaliza wa pili. Mechi moja hiyo ikavuruga mahesabu yote. Sasa, Yu Yang na Wang Xiaoli wakishinda kundi lao, kundi A, watakutana na Wachina wenzao nusu fainali. Timu moja ya China itamtoa mwenzake, na fainali itakuwa na timu moja tu. Wakishindwa mechi ya mwisho ya kundi, wanapita upande wa pili wa karatasi, na wanaweza kukutana fainali tu. Walikuwa wameshafuzu tayari, kwa hiyo kushindwa kulikuwa hakuwagharimu kitu.

Na Wakorea? Nao walikuwa wameshafuzu, na nao hawakuona faida ya kushinda. Ndiyo maana mechi ile ilikuwa kioja: si timu moja iliyojiachia, ni timu mbili zinazoshindana kushindwa. Kisha ikaja mechi ya kundi C, Wakorea wengine, Ha Jung-eun na Kim Min-jung, dhidi ya Greysia Polii na Meiliana Jauhari wa Indonesia. Wakati huo ilikuwa imeshajulikana kwamba mshindi wa kundi C atakutana robo fainali na wa pili wa kundi A, yaani Yu Yang na Wang Xiaoli wenyewe. Nani anataka kuwashinda wenzake ili apewe zawadi ya kucheza na namba moja wa dunia? Wakaanza na wao. Mwamuzi akatoa kadi nyeusi, ya kufukuza, halafu akairudisha, wakaendelea. Wakorea wakashinda kwa seti tatu. Labda niseme, walishindwa kushindwa.

Watu wanaoishi kwa karatasi wataelewa hesabu hii haraka kuliko profesa. Yule anayekuja na tablet kuuliza maswali ya tathmini ya kaya, kila mmoja wetu anajua kwamba ukisema "ndiyo, nina cherehani na inafanya kazi," huenda unga wa mwezi ujao ukapungua. Basi watu wanaficha cherehani. Sisemi ni vizuri. Nasema kanuni inayomlipa anayeonekana dhaifu itazaa watu wanaojionyesha dhaifu, iwe London iwe hapa, na aliyeandika kanuni hiyo hawezi kujifanya ameshangaa.

Lakini kwa China kulikuwa na kitu kingine zaidi ya karatasi, na hapa ndipo historia inapoingia.

Kule kuachia mechi kwa amri si jambo lililozaliwa London. Wachina wana neno lake kabisa, *rang qiu*, kuachia mpira. Limekuwepo kwa miongo mingi, hasa kwenye mpira wa meza. Kisa maarufu kuliko vyote ni cha mwaka 1987, ubingwa wa dunia New Delhi. Msichana wa Shanghai, He Zhili, aliambiwa na viongozi wa timu amwachie mwenzake Guan Jianhua nusu fainali, kwa sababu waliona Guan ndiye angeweza vizuri zaidi mtindo wa Mkorea aliyekuwa akija fainali. He Zhili akaitikia. Akaingia mezani, akamfunga Guan. Halafu akaingia fainali akamfunga Mkorea, Yang Young-ja, akawa bingwa wa dunia. Mngefikiri angebebwa mabegani. Hapana. Mwaka uliofuata, Olimpiki ya Seoul 1988, ya kwanza kuwa na mpira wa meza, bingwa wa dunia aliachwa nyumbani.

Aliolewa na Mjapani, akahamia Japani, akachukua jina la Koyama Chire. Mwaka 1994, Michezo ya Asia mjini Hiroshima, akaichezea Japani na kumfunga Deng Yaping, malkia wa mpira wa meza wa China wakati ule, katika fainali. Kila alipopata pointi alipiga kelele "yoshi!", neno la Kijapani la kujipa moyo. Kwa Wachina wengi waliokuwa wakitazama, neno lile moja liliwachoma kuliko kushindwa kwenyewe. Wakamwita msaliti. Mimi nikisoma kisa hiki huwa sifikirii mpira. Nafikiria jinsi watu wa nyumbani wanavyoweza kusamehe kwamba umeondoka, lakini wasikusamehe kuongea lugha ya ulikofika.

Kwenye badminton pia. Mwaka 2004 Athens, nusu fainali ya wanawake mmoja mmoja, Zhang Ning alikutana na Mchina mwenzake Zhou Mi. Zhang akashinda, akaenda kuchukua dhahabu mbele ya Mia Audina wa Uholanzi. Miaka minne baadaye kocha mkuu Li Yongbo alikiri mwenyewe kwenye televisheni ya China kwamba Zhou Mi aliambiwa asimsumbue mwenzake, ili Zhang abaki na nguvu za fainali. Alikiri bila haya, kama mtu anayeeleza mkakati mzuri. Zhou Mi alirudi na shaba, na baadaye akaenda kucheza chini ya bendera ya Hong Kong. Na mwaka 2022 Ye Zhaoying, aliyepata shaba Sydney mwaka 2000 na leo anaishi Hispania, aliwaambia waandishi wa habari wa Denmark kwamba naye aliamriwa kumwachia Gong Zhichao kwenye nusu fainali ya Olimpiki ile.

Kwa hiyo Yu Yang aliposimama Wembley hakuwa anabuni ujanja. Alikua ndani ya nyumba ambamo wakubwa zake walifanya hivyo, na bosi wa nyumba alikiri hadharani na akaendelea kuwa bosi. Tofauti ni moja tu. Zamani Mchina alimwachia Mchina, kwa ustadi, mtazamaji asijue. London walilazimika kushindwa mbele ya Mkorea ambaye naye hataki kushinda. Hapo huwezi kuwa na ustadi. Siri ya familia ikafanywa barabarani mchana kweupe.

Baada ya mechi Yu Yang aliwaambia waandishi kwamba walikuwa wanatunza nguvu kwa ajili ya mtoano, kwa kuwa wamefuzu. Ni jibu la mtu aliyefundishwa nini cha kujibu. Kesho yake hukumu ikatoka: hawakutumia juhudi zao zote kushinda, na wameuharibia mchezo heshima. Uongozi wa msafara wa China nao ukawaamuru waombe radhi. Li Yongbo akaomba radhi kwa umma kama kocha mkuu. Yu Yang akaenda kwenye mtandao wa Weibo akaandika kwamba hii ilikuwa mara yake ya mwisho kushindana, akaliaga shirikisho, akauaga mchezo aliosema anaupenda. Aliandika pia kwamba ndoto zao zimevunjwa bila huruma. Alikuwa na miaka 26.

Kuna walionufaika ambao hatuwasemi. Timu mbili za juu za kundi A na mbili za juu za kundi C zilipofutwa, nafasi zikajazwa na waliokuwa wameshafungasha mizigo. Kundi A wakaingia Warusi Valeria Sorokina na Nina Vislova, na Wakanada Alex Bruce na Michelle Li. Kundi C wakaingia Waaustralia, pamoja na Waafrika Kusini wawili, Michelle Edwards na Annari Viljoen. Hawa wa Afrika Kusini walikuwa wamefungwa mechi zao zote tatu. Asubuhi wanaamka, wako robo fainali ya Olimpiki. Warusi wakawafunga haraka, lakini jina lao limeandikwa pale, na hakuna atakayelifuta. Warusi wakamaliza na shaba, Wakanada wakawa wa nne.

Na dhahabu? Ilichukuliwa na Tian Qing na Zhao Yunlei, wale wale waliofungwa na Wadenmark na kuanzisha matatizo yote. Waliwashinda Wajapani Fujii na Kakiiwa. Zhao Yunlei akachukua na ya mchanganyiko akiwa na Zhang Nan, mtu wa kwanza kupata dhahabu mbili za badminton katika Olimpiki moja. China ikazoa dhahabu zote tano za badminton, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla. Yaani hesabu ya wakubwa ilitimia hata bila Yu Yang. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma. Kama mechi ile isingechezwa vile, kama wangeshinda tu kama kawaida yao, dhahabu ingekuja China hivyo hivyo, na pengine ingekuwa shingoni mwake.

Narudi kwa mzee wa Uvira. Ni kweli chef ana kosa, na chef hakufukuzwa London. Li Yongbo aliendelea kuongoza timu kwa miaka mingine karibu mitano. Korea Kusini angalau iliwafungia na makocha pamoja na wachezaji, ingawa baadaye ilipunguza adhabu zote. Na shirikisho lililochora karatasi lile, ambalo mtu yeyote mwenye kalamu angeona tundu lake, halikujifukuza. Miezi michache baadaye lilibadilisha kanuni kimya kimya: wa pili wa makundi wapangiwe wapinzani kwa kura baada ya makundi kuisha, asiwepo wa kuchagua njia. Kubadilisha kanuni ni kukiri kwamba ilikuwa mbovu. Wachezaji wanane ndio waliolipa kwanza.

Lakini siwezi kwenda na mzee mpaka mwisho. Sisi tuliotoka kule tunajua neno "niliamriwa" linaweza kubeba vitu vikubwa kuliko kinyoya. Na He Zhili alikuwepo. Aliambiwa, akaitikia kwa mdomo, akakataa kwa mkono. Gharama aliilipa yote, nchi nzima akaipoteza, ila ilionekana kwamba mkono ni wa mwenye mkono. Simlaumu Yu Yang kwa kutokuwa He Zhili. Watu wengi si He Zhili, na mimi sijui kama ningekuwa. Nasema tu kwamba mlango ulikuwepo na mtu mmoja alishawahi kuupitia.

Kumbe kwaheri ya Weibo haikuwa kwaheri. Kabla mwaka haujaisha Yu Yang na Wang Xiaoli walikuwa wamerudi uwanjani. Machi 2013 wakachukua All England. Agosti 2013, mjini Guangzhou, wakawa mabingwa wa dunia tena, wakiwafunga Eom Hye-won na Jang Ye-na wa Korea. Mwaka 2014 All England tena, ya nne kwake kwa wanawake wawili wawili. Wale waliodhani ameisha walikuwa hawajamaliza kuandika. Halafu Wang Xiaoli akatoka, na Yu Yang, sasa dada mkubwa wa timu, akapewa mwenza mwingine mdogo, Tang Yuanting.

Kwa huyo wakaenda Rio mwaka 2016. Na sasa tazameni jinsi mambo yanavyojikunja.

Robo fainali wakawakuta Waindonesia. Mmoja wao alikuwa Greysia Polii, yule yule aliyefukuzwa London kwa sababu hakutaka kukutana na Yu Yang. Miaka minne baadaye akakutana naye, na akafungwa 21-11, 21-14. Woga wake wa 2012 haukuwa wa bure.

Nusu fainali wakawakuta Pedersen na Rytter Juhl, Wadenmark wale wale ambao ushindi wao London ulivuruga karatasi ya China. Seti tatu. Wadenmark wakashinda ya mwisho 21-19.

Kwenye mechi ya shaba, ng'ambo ya neti, alisimama Jung Kyung-eun. Ndiye yule aliyekuwa ng'ambo ya neti usiku wa Wembley, akianzisha kwenye neti kama Yu Yang alivyoanzisha kwenye neti. Safari hii alikuwa na mwenza mwingine, Shin Seung-chan. Safari hii wote wanne walitaka. Wakorea walishinda 21-8, 21-17. Nimeitafuta mechi hiyo kwenye simu, nikaitazama kwa bando la nusu wiki, na naweza kusema Yu Yang alikimbilia kila kinyoya. Alikuwa na miaka 30 na miguu haikufika tena. Alimaliza wa nne, nafasi isiyo na medali, na hiyo ikawa Olimpiki yake ya mwisho. Alistaafu timu ya taifa akiwa na dhahabu moja na shaba moja za Olimpiki na ubingwa wa dunia mara tatu.

Greysia Polii yeye hakustaafu. Mwenza wake Nitya alipotoka, akapewa msichana mdogo, Apriyani Rahayu. Agosti 2021, Olimpiki ya Tokyo iliyochelewa kwa korona, Greysia akiwa na miaka 33 waliingia fainali bila mtu kuwatarajia, wakawafunga Wachina Chen Qingchen na Jia Yifan 21-19, 21-15. Dhahabu ya kwanza ya Indonesia kwa wanawake wawili wawili, iliyoletwa na mmoja wa wale wanane.

Chen na Jia walirudi Paris mwaka 2024. Kwenye fainali ng'ambo ya neti walikuwepo Wachina wenzao, Liu Shengshu na Tan Ning. Dhahabu na fedha, kile kilichotafutwa London kwa kupiga vinyoya kwenye neti. Seti ya kwanza ilifika 22-20.